Siku Okestra Ilipochuana na Ngoma ya Bundala

Ukipita siku hizi kwenye kituo chochote cha kununua pamba kati ya Bariadi na Bukundi, msimu ukiwa umechanganya, utamkuta Shija wa Ngeleja amesimama juu ya gari la wanunuzi, fidla chini ya kidevu, watu wamemzunguka mpaka hakuna pa kupitisha baiskeli. Anapiga nyimbo za ngoma. Anapiga za harusi. Mwaka wa uchaguzi anapiga za chama chochote kilichofika kwake mapema. Watu wanampenda, na kuna wanawake wawili Nkoma waliowapa watoto wao jina lake. Mimi ni binamu yake, kwa desturi zetu nina ruhusa ya kumtania mpaka akasirike, lakini hili nasema bila utani: sijawahi kumhurumia mtu kama ninavyomhurumia huyo akiwa anashangiliwa.

Alizaliwa Ngulyati, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuzaliwa kwa Ngeleja. Ngeleja ni mjomba wangu, kaka wa mama. Alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa upande wa Wagalu, na katika ujana wake jina lake lilitosha kuwafanya watu waache palizi. Alikuwa na ulimi wa wembe. Alitunga nyimbo za kuwatukana majirani, na majirani hao hao wakazicheza. Nyumbani hakuwa tofauti. Mkewe alikuwa anasema kwamba ameolewa na sauti, mtu mwenyewe hamjui.

Sasa mtu wa mbali lazima aelewe kitu kimoja. Huku kwetu Usukumani ngoma hazichezwi kwa zamu. Wagalu na Wagika, vyama vyetu viwili vya ngoma, wanakutana kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na wote wanaanza. Hakuna jaji, hakuna alama, hakuna kikombe cha mheshimiwa. Watu wanatembea. Akikuvutia huyu unakwenda kwake, akikuchosha unamwacha unahamia kwa mwenzake, na jua likizama aliyezungukwa na umati ndiye mshindi. Anayeachwa anaachwa hadharani, anaona migongo ya watu aliokula nao. Ni desturi ya kikatili na sisi tunaipenda.

Shija alipelekwa misheni akiwa bado anachunga ndama. Mama yake ndiye aliyeng'ang'ania. Huko akamkuta Bruda Klemensi, Mjerumani mmoja mpole mwenye miguu mirefu, aliyekuwa akifundisha watoto useremala asubuhi na fidla jioni. Kwenye useremala Shija hakufaa hata kutengeneza kigoda. Kwenye fidla alishika haraka mpaka Bruda akaanza kumwombea asife kwa malaria. Likizo ya kwanza alipokuja nyumbani, alisimama kwenye uwanja wa ng'ombe mbele ya wageni wa baba yake, akapiga kipande kimoja cha polepole, macho ameyafumba. Ngeleja alisikiliza kidogo, akashusha kibuyu cha pombe, akasema, "Ng'ombe wangu akilia hivyo, namchinja kabla hajafa mwenyewe."

Wageni walicheka mpaka wakamwaga pombe. Neno lile lilizunguka kata nzima, na Shija akalikuta hata dukani alikotumwa chumvi. Hakulia. Alirudi misheni, na miaka iliyofuata akawa anakuja nyumbani bila fidla.

Akakua, akawa mwalimu wa muziki katika shule ya misheni Mwanza, akavaa viatu vya kufunga kamba, akaoa, na kila Krismasi akamletea baba yake shuka au sukari. Ngeleja alipokea shuka. Mtu akimuuliza mwanao anafanya kazi gani mjini, alijibu, "Anakwaruza." Basi. Na huyo mwanaume mzima mwenye watoto wake, aliyesifiwa na maaskofu, alikuwa na haja moja tu duniani, aliniambia mwenyewe tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba yetu: alitaka baba yake akae chini, asikilize fidla mpaka mwisho, na aseme mbele za watu kwamba amesikia. Nilimwambia atafute haja nyingine. Nilimwambia kwamba wapo watu wanaokufa bila kusifiwa na Ngeleja na wanazikwa vizuri tu.

Hakunisikia. Na mwaka ule soko la pamba lilipofunguliwa, nafasi ikaja yenyewe.

Ilikuwa okestra nzima kutoka Ujerumani, vijana na watu wazima, marafiki wa jimbo letu la kanisa. Walikuwa wanazunguka Kanda ya Ziwa na muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, wa zile zama wanazoziita za Kiromantiki, watunzi wao walipoacha kuona haya kulia mbele za watu. Kila walipokwenda walialika mpigaji mmoja mgeni asimame mbele yao. Mwanza walimwalika Shija, kwenye utungo mrefu wa fidla na okestra. Alikuwa anaufanyia mazoezi tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mkewe alikuwa anaimba vipande vyake akipika ugali.

Mwanza ilitosha. Mtu mwenye akili angepiga Mwanza, akapigiwa makofi na masista, akalala. Shija akamwomba kondakta waje na Bariadi. (Watu wa Bariadi walipoambiwa yule mzee mwenye nywele nyeupe ni kondakta, waliuliza basi lake limeharibikia wapi.) Gharama zikawa tatizo, na hapo ndipo alipoingia Fredrick.

Fredrick alikuwa meneja wa moja ya kampuni za kununua pamba zilizoota siku zile. Chama cha ushirika kilikuwa kimelemewa, kila mwenye lori na mzani alikuwa mnunuzi, na kila mnunuzi alikuwa anatafuta namna ya kuwakusanya wakulima mbele ya mzani wake. Fredrick ni mtu wa Dar es Salaam, shati limepigwa pasi hata vumbini, anaongea na wazee huku anatazama saa. Alisikia neno "Wazungu na ala zao" akaona umati. Akakubali kulipia magari, jukwaa na viti, na kwenye kipaza sauti akawa anatangaza mitaani, "Mcheza kwao hutuzwa! Njooni mumwone mtoto wa nyumbani!"

Kumleta Ngeleja ikawa kazi yangu. Nilimkuta zizini.

"Mwadila, mjomba."

"Mwadila. Umetumwa na yule anayekwaruza?"

"Nimetumwa. Anapiga Jumamosi uwanja wa mpira, anaomba uje."

"Anashindana na nani?"

"Hashindani na mtu. Ni onyesho tu, mjomba."

"Basi nije kutazama nini?"

Nikataka kuondoka. Kisha nikakumbuka jinsi Shija alivyonieleza ule utungo, nikamwambia kwamba watu wote wale wa okestra, na matarumbeta yao na ngoma zao za shaba, wanakuwa upande mmoja, na Shija peke yake na fidla upande mwingine. Wanamvamia, anawajibu. Wanamfunika, anatokeza. Hana mtu wa kumsaidia mpaka mwisho.

Ngeleja aliacha kumfunga ndama. "Peke yake?"

"Peke yake."

"Mbona hukuanza na hilo?" akasema. Jumamosi alivaa koti lake la misibani, akanipakia nyuma ya baiskeli, tukaenda.

Ilikuwa Julai, upepo wa vumbi. Wazungu walikuwa wamevaa nguo nyeusi katika jua lile na wamebana karatasi zao kwa vibanio vya nguo visipeperuke. Uwanja ulijaa, lazima nimpe Fredrick haki yake. Sisi tulikaa benchi la mbele kabisa, karibu na jukwaa kiasi kwamba Ngeleja angeweza kugusa kiatu cha mwanawe kwa fimbo. Shija alimwona tulipoketi. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto, ikabidi nitazame pembeni.

Lakini Fredrick alikuwa amefanya jambo bila kumwambia mtu. Aliogopa kwamba wakulima hawatakaa kwa ajili ya fidla, kwa hiyo akamkodi Bundala na kundi lake waje wachangamshe mwishoni. Bundala wa Nkoma, ningi wa Wagika, mtu aliyechuana na Ngeleja nusu ya maisha yao. Fredrick alimwonyesha Bundala goli la upande wa pili, akamwambia akae pale asubiri zamu yake. Sina hakika kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia ningi maneno hayo.

Okestra ikaanza, Shija akaingia. Sehemu ya kwanza ya ule utungo ni vita, na watu walitulia, hasa kwa ajili ya zile ngoma za shaba. Mimi nilikuwa namtazama mjomba. Mwanzoni alikuwa amekunja uso. Kisha akaegemea mbele, viwiko kwenye magoti. Matarumbeta yalipopanda akanong'ona, "Wanamfunika." Fidla ikatoka juu yao, nyembamba, kali, na yeye akasema kwa sauti, "Amewatoka." Akaanza kunieleza mimi, niliyeuleta huo ujuzi, ni nani anamvamia nani. Ilipokwisha ile sehemu hakupiga makofi, kwa sababu katikati ya pambano hakuna makofi. Alikohoa, akafunga vifungo vya koti vizuri, akakaa tena.

Nilimpenda siku ile. Nasema wazi kwa sababu sikumpenda siku nyingi.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Okestra inakaribia kunyamaza na fidla inasema peke yake, kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za nyumbani. Shija akafumba macho. Na pale, upande wa goli la pili, Bundala akapiga ngoma yake.

Fredrick alikimbia kuvuka uwanja mzima na viatu vyake vya kung'aa. Waliokuwa karibu walinisimulia. Alimwambia Bundala bado, bado, subiri wamalize. Bundala akamuuliza, "Umeniita nicheze, au umeniita nishindwe?" Kwa akili ya Bundala, na ya kila mtu mwenye akili za huku, mwenzio akiwa anapiga uwanjani na wewe umekaa kimya, umeshapigwa. Halafu anayepiga ni ng'wana Ngeleja, mtoto wa hasimu wake. Wacheza ngoma wake wakarusha majembe hewani, wakayadaka, na vumbi likaanza kupanda.

Watu wakageuza shingo. Kisha wakageuza miguu.

Hawakuondoka kwa aibu, kwa kunyatia, kama wanavyotoka kanisani. Waliondoka wakicheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliuliza kwa sauti, "Huyu analia nini, nani amekufa?" Vijana walichukua mabua ya mtama wakawa wanakwaruza mikono yao huku wamefumba macho na kulegeza midomo, na wenzao wakajishika mbavu. Waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi waliinuka na mabenchi yao, wakayabeba kwenda upande wa Bundala, wakakae kwa raha. Fredrick naye alipoona umati wake uko kule, alihamisha kipaza sauti. Mzungu mmoja msichana, mpiga zeze kubwa, alikuwa anafuta macho huku anapiga.

Wakaja wawili wanataka na benchi letu. "Mzee, inuka," mmoja akasema, "huku msiba."

Ngeleja alimwangalia tu, na yule mtu akaachia benchi.

"Mjomba," nikasema, "twende. Tutamwaibisha zaidi."

"Kaa chini, Scola. Anayeimba hajamaliza."

"Uwanja mzima umekwenda kwa Bundala."

"Naona. Nina macho. Mimi niliachwa hivi Bukundi, nikaachwa hata Ngulyati kwetu, mama yako akiwa wa kwanza kuondoka. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Akasikiliza. "Sikia. Hajabadilisha hata neno moja. Watu wamemwacha wote na hajabadilisha neno. Mimi kwa umri wake mkono ulikuwa unatetemeka."

Akaondoa kofia, akaiweka gotini. Niliona anatikisa kichwa taratibu, akiifuata fidla. Nikawaza, Shija, fungua macho sasa hivi, mtazame mzee huyu, umepata ulichokuwa unataka na hulipii kitu.

Akayafungua. Hakutazama chini. Alitazama mbali, juu ya vichwa vyetu, mpaka kule kwenye vumbi, akaona migongo ya watu wa kwao na mabenchi yaliyokuwa yamebebwa, akasikia vicheko. Uta wa fidla ukasimama hewani. Okestra ikaendelea peke yake kidogo. Kondakta akamtazama, akamfanyia ishara ya kichwa kwamba endelea. Baadaye, kwa mkalimani, aliniambia kwamba ilikuwa imebaki kidogo sana waingie sehemu ya tatu, ya mbio na ya furaha, ambayo Mwanza iliwasimamisha watu juu ya viti.

Shija hakungoja. Alivua koti, akaruka mbele ya jukwaa, na akapiga wimbo wa Bundala. Ule ule uliokuwa unachezwa kule, wa mtu aliyeuza pamba akanunua redio isiyo na betri. Aliupiga kwa kasi, kwa madaha, na fidla ikauimba maneno kabisa. Kweli alikuwa hodari. Watu walisimama, wakasikiliza, wakapiga kelele, wakarudi mbio. Walirudi wote. Walitukanyaga mimi na mjomba kwenye benchi letu kufika jukwaani.

"Amekuja kwetu," Wagika wakaanza kuimba. "Amekuja, amekuja kwetu."

Bundala mwenyewe alivuka uwanja kwa hatua za pole, jasho limemjaa, anacheka. Akapanda jukwaani, akavua kofia yake ya manyoya ya mbuni, akamvika Shija. Wazee wa kizazi chao wanajua maana yake. Ningi anayekamata wimbo wa mpinzani wake katikati ya pambano ameomba kupokewa upande wa pili, na anayepokewa anavikwa. Hawafanyi kwa ubaya, ni namna yao ya kumfuta machozi aliyesalimu amri. Lakini Shija aliondoka nyumbani akiwa mchunga ndama, alilelewa na Bruda Klemensi, na mambo haya hakuyajua. Alidhani anatuzwa. Aliinua mikono yote miwili, fidla huku, uta huku, kofia ya Wagika imemkaa kichwani, na Fredrick akapaza sauti, "Mcheza kwao hutuzwa!" Wazungu nao, masikini, wakasimama wakapiga makofi. Walisema hawakupata siku nzuri kuliko ile katika safari yao yote.

Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Nilimkuta mjomba barabara ya Ngulyati, anasukuma baiskeli, hajaipanda. Nikatembea naye. Kisha nikasikia miguu inakimbia nyuma yetu. Ni Shija, shati limechanwa na mashabiki, anahema, anacheka, na kofia ile bado iko kichwani.

"Baba," akasema, "mbona umeondoka? Hukuona mwisho? Wamerudi wote. Bundala mwenyewe amenivika. Bwana Fredrick anataka niwe napiga vituoni msimu mzima."

"Nimeona," Ngeleja akasema.

"Umesikia nilivyopiga?"

"Nimesikia. Umepiga vizuri. Bundala hajawahi kupigiwa wimbo wake vizuri hivyo."

Kicheko cha Shija kikapungua. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama kofia, na nadhani hapo akaanza kuelewa kwamba kuna kitu, ingawa hakujua ni kitu gani. Akaivua, akabaki ameishika, hajui pa kuiweka.

"Ningefanya nini, baba?" akasema. "Wewe ulikuwepo. Walinicheka. Walibeba mpaka mabenchi. Hapakuwa na mtu. Nilifungua macho, nikakuta wameondoka wote, uwanja mzima, hapakuwa na hata mtu mmoja."

Ngeleja alisimamisha baiskeli. Hakukasirika, afadhali angekasirika, kwa sababu hasira zake tulizizoea. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kwa upole, jinsi unavyomtazama mtu uliyemfananisha.

"Na mimi nilikuwa nani?" akasema.

Kisha akaniambia nipande, jua linakwenda na ng'ombe hawajanyweshwa.